Mimea inayokata hamu ya kula: Ipi inashibisha, ipi inadhuru

KATIKA miji mikubwa ya Tanzania, mtu anayetaka kupunguza uzito hakosi kukutana na tangazo la dawa ya mitishamba inayodaiwa ‘kukata njaa’. Tangazo hilo huwa ukutani, kwenye daladala au ndani ya simu ya mkononi, na karibu kila mara husisitiza kwamba dawa hiyo ni ya asili na kwa hiyo haina madhara.

Mamia ya kilomita kutoka Dar es Salaam, katika kata ya Mkiwa, Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, suala la njaa lina sura nyingine kabisa. Hapo ndipo barabara inayoelekea Itigi, Rungwa na hatimaye Mbeya inapoachana na barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida.

Kama ilivyo sehemu kubwa ya Tanzania ya kati, eneo hilo ni la ukame na hupata mvua za msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi Aprili hivi. Kwa vizazi vingi, watu wa ukanda huo wamejifunza namna ya kuituliza njaa pale ghala linapoelekea kuwa tupu.

Anayekimbia unene mjini na anayepambana na upungufu wa chakula kijijini wanatafuta jambo moja: mmea utakaolifanya tumbo litulie kwa muda mrefu. Tofauti ni kwamba wa kijijini anaujua mmea wake, anauchuma mwenyewe na kuula kama chakula. Wa mjini mara nyingi hununua kopo asilojua kilichomo.

Tofauti hiyo si ndogo. Baadhi ya mimea hupunguza hamu ya kula kwa sababu inashibisha. Mingine huipunguza kwa kuudanganya ubongo, na udanganyifu huo una gharama yake kwa moyo, ini na figo.

Ukubwa wa tatizo

Unene uliokithiri si tatizo la nchi tajiri pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulikuta kiwango hicho kimefikia asilimia 36.

Kipimo kinachotumika ni uwiano wa uzito na urefu. Uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Jibu likifika 25, mtu huyo amezidi uzito. Likifika 30, ana unene uliokithiri.

Kwa mfano, mtu mwenye urefu wa mita 1.60 huvuka mpaka wa kwanza anapofikisha kilo 64, na wa pili anapofikisha kilo 77 hivi.

Uzito uliozidi huongeza uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, magonjwa ya moyo na baadhi ya saratani. Ndiyo maana haja ya kupungua ni ya haki, na ndiyo maana soko la dawa za kupunguza mwili halikosi wateja.

Njaa hutoka wapi

Hamu ya kula haimo tumboni peke yake. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo ghrelini, ambayo huujulisha ubongo kwamba wakati wa kula umefika. Chakula kinapoingia, tumbo hutanuka na mishipa ya fahamu hupeleka habari hiyo juu.

Kisha utumbo hutoa homoni za shibe, miongoni mwake ile inayofahamika kwa kifupi kama GLP-1. Homoni hizo hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula kwenye utumbo, na huuambia ubongo kuwa kilicholiwa kinatosha. Safari hiyo ya habari huchukua takriban dakika 20, ndiyo maana anayekula kwa pupa hupitiliza kabla hajajitambua.

Kwa hiyo mmea unaweza kupunguza hamu ya kula kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kulijaza tumbo na kuchelewesha chakula kutoka, ili homoni za shibe zifanye kazi yake ya kawaida. Ya pili ni kuingiza mwilini kemikali inayokwenda moja kwa moja kwenye ubongo na mishipa ya fahamu.

Mlenda, mboga ya Tanzania ya kati

Mfano mzuri wa njia ya kwanza ni mlenda, mboga inayotambulisha mapishi ya Singida na Dodoma. Jina hilo halihusu mmea mmoja. Ni mimea kadhaa yenye ute, ikiwamo ya jamii ya ufuta mwitu na ile ambayo wataalamu wa mimea huiita Corchorus.

Mingi huota yenyewe mashambani mvua zinaponyesha. Majani huchumwa yakiwa mabichi, na yanayobaki huanikwa, husagwa kuwa unga na kuhifadhiwa kwa ajili ya kiangazi. Wakati huo mboga nyingine zinapokuwa zimekauka, unga wa mlenda hutiwa katika maji yanayochemka na mboga huwa tayari kwa muda mfupi.

Ute unaoufanya mlenda uvutike ni aina ya nyuzinyuzi zinazoyeyuka katika maji. Nyuzinyuzi za aina hiyo hunyonya maji, huvimba na kuufanya mchanganyiko wa chakula tumboni kuwa mzito. Chakula kizito hutoka tumboni polepole, na sukari yake huingia katika damu taratibu. Bamia nayo hufanya kazi kwa namna hiyo.

Nguvu ya nyuzinyuzi zenye ute imepimwa zaidi katika mmea wa Asia uitwao konjaki. Mwaka 2010, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikubali kwamba gramu tatu za nyuzinyuzi za konjaki kwa siku, zikigawanywa mara tatu na kunywewa na maji kabla ya mlo, husaidia kupunguza uzito kwa mtu ambaye pia amepunguza kiasi cha chakula.

Sharti hilo la mwisho ndilo ambalo matangazo hulisahau. Hata nyuzinyuzi zilizothibitishwa hazifanyi kazi peke yake. Humrahisishia mtu kula kidogo, lakini hazimzuii kula sana.

Mlenda nao una masharti yake. Wapishi wengi huuweka magadi ili ulainike na uvutike zaidi, na magadi yana sodiamu kwa wingi. Mwenye shinikizo la damu anashauriwa kuyapunguza au kuyaacha. Aidha, karanga nyingi zikiongezwa, mboga hiyo nyepesi hugeuka kuwa nzito kwa mafuta.

Jambo jingine ni ugali wenyewe. Mlenda huteleza, na tonge humezwa bila kutafunwa sana. Anayetaka kupungua atafaidika iwapo atautafuna ugali wake taratibu, apunguze ukubwa wa sahani na kuongeza mboga.

Ubuyu wenye sukari si dawa

Mti mwingine unaotajwa sana ni mbuyu, ambao hustawi katika maeneo makavu ya Tanzania. Unga mweupe unaozunguka mbegu zake una nyuzinyuzi nyingi sana pamoja na vitamini C. Umoja wa Ulaya uliuruhusu kuingia katika soko lake la chakula mwaka 2008.

Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes nchini Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa kundi dogo la watu wenye afya. Waliokunywa kinywaji chenye ubuyu walisema wanahisi njaa kidogo kuliko waliokunywa kisicho na ubuyu. Hata hivyo, walipoandaliwa mlo baadaye, kiasi cha nishati walichokula hakikutofautiana.

Matokeo hayo yanafundisha kwamba kuhisi njaa kidogo na kula kidogo ni mambo mawili tofauti. Watu wengi hula kwa sababu chakula kipo mbele yao, kwa sababu saa imefika au kwa sababu wenzao wanakula.

Aidha, ubuyu unaouzwa mitaani na kwenye vituo vya mabasi si ule wa porini. Mbegu zake huwa zimepakwa sukari na rangi, na anayezimumunya kutwa nzima huongeza sukari mwilini badala ya kupunguza uzito. Unaofaa ni unga mkavu, kijiko kimoja au viwili katika maji, uji au maziwa ya mgando yasiyotiwa sukari.

Mafuta ya mbegu za ubuyu ni jambo jingine kabisa. Hayo ni mafuta kama mafuta mengine, na kijiko kimoja kikubwa kina takriban kilokalori 120. Isitoshe, mafuta hayo yakiwa ghafi huwa na asidi ambazo wataalamu wa lishe hawashauri ziliwe kwa wingi. Hakuna msingi wa kuyanywa kwa nia ya kupungua.

Somo la Wahadzabe

Singida ina ushahidi mwingine ambao wanasayansi wa dunia wameufuata mbali. Wahadzabe, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi na baadhi yao katika Wilaya ya Mkalama, wamekuwa wakiishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi, kuchuma matunda pori na kula ubuyu.

Watafiti wanakadiria kuwa mlo huo wa asili huwapa nyuzinyuzi zinazofikia gramu 100 au zaidi kwa siku. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25, na wengi wa mijini hawafikishi.

Mwaka 2012, timu iliyoongozwa na Herman Pontzer ilichapisha utafiti uliopima nishati inayotumiwa na Wahadzabe. Ilitarajiwa kwamba watu wanaotembea kutwa nzima wangetumia nishati nyingi kuliko wakazi wa Marekani na Ulaya. Badala yake, baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, kiasi hicho kilikuwa karibu sawa.

Mazoezi yana faida kubwa kwa moyo na afya kwa jumla, na utafiti huo haukuyapuuza. Lakini ulionyesha kwamba chakula kina uzito mkubwa zaidi katika suala la unene kuliko ilivyodhaniwa. Mwili mwembamba wa Mhadzabe hautokani na dawa ya kukata njaa, bali na mlo ambao ni vigumu kuula kupita kiasi.

Mlo unaofanana na huo kwa tabia bado unapatikana sokoni. Ugali wa uwele au mtama usiokobolewa, kunde, choroko, njugu mawe, mbaazi na mboga za majani huchanganya nyuzinyuzi na protini, na vyote viwili huchelewesha njaa kurudi. Ugali wa sembe iliyokobolewa, mkate mweupe na soda hufanya kinyume chake.

Mimea inayoudanganya ubongo

Njia ya pili inawakilishwa vema na miraa, ambayo nchini Tanzania huitwa zaidi mirungi. Majani na vichipukizi vyake vina kathinoni na kathini, kemikali zinazofanana kwa utendaji na dawa za kusisimua mwili za kundi la amfetamini.

Mtafunaji wa miraa hukosa hamu ya kula kwa saa nyingi, na tumbo lake huchelewa kumwaga chakula. Lakini pia hukosa usingizi, mapigo ya moyo huongezeka, shinikizo la damu hupanda na choo huwa kigumu. Matumizi ya muda mrefu yamehusishwa na mshtuko wa moyo na maradhi ya akili.

Nchini Kenya, hasa Meru, miraa ni zao halali la biashara. Tanzania inaihesabu kuwa dawa ya kulevya chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Uingereza nayo iliipiga marufuku mwaka 2014. Kuitumia kwa ajili ya kupungua ni kubadilisha tatizo moja kwa mengine mawili.

Mmea uliovuma zaidi duniani kwa sifa ya kukata njaa ni Hoodia, unaofanana na dungusi na kuota katika jangwa la Kalahari. Wasani wa Kusini mwa Afrika waliutafuna walipokuwa mawindoni ili wavumilie njaa na kiu.

Baraza la utafiti wa sayansi la Afrika Kusini, CSIR, lilitenga kiini chake na kukiombea hataza katikati ya miaka ya 1990 bila kuwashirikisha Wasani. Baada ya malalamiko, makubaliano ya kugawana mapato yalitiwa saini mwaka 2003. Kampuni ya Phytopharm ya Uingereza ilipewa leseni, na kampuni kubwa za Pfizer na Unilever zikaingia kwa nyakati tofauti.

Mwaka 2008, Unilever iliachana na mradi huo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalieleza sababu: wanawake waliopewa Hoodia kwa siku 15 hawakula kidogo kuliko wenzao waliopewa kinywaji kisicho na dawa, bali baadhi walitapika, na shinikizo la damu na mapigo ya moyo yao yaliongezeka.

Mwindaji wa Kalahari aliutafuna mmea huo kwa siku chache, akitembea, na kwa shida maalumu. Kuugeuza kidonge cha kila siku kwa mtu aliyekaa ofisini ni matumizi mapya kabisa, na mwili uliyajibu kwa namna mpya.

Efedra ya China ilikuwa na hatima kama hiyo. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo mwaka 2004, baada ya kuhusishwa na mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo.

Siri iliyomo kwenye kopo

Hatari kubwa zaidi huenda si mmea wenyewe, bali kisichoandikwa kwenye lebo. Dawa ya sibutramine, iliyokuwa ikitumika hospitalini kupunguza hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kubainika kwamba iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye maradhi ya moyo.

Tangu wakati huo, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeikuta mara nyingi ndani ya vidonge, kahawa na chai za kupunguza mwili zilizouzwa kwa jina la mitishamba asilia. Mnunuzi aliyedhani anakunywa majani alikuwa anameza dawa iliyokatazwa.

Kosa la utambuzi wa mmea nalo huua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya wanawake 100 nchini Ubelgiji waliharibikiwa figo baada ya kutumia dawa ya kupunguza mwili ambamo mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia. Wengi walihitaji kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo, na baadhi walipata saratani ya njia ya mkojo.

Bidhaa nyingine hudhuru mfuko kuliko mwili. Garcinia cambogia, tunda la Asia linalouzwa sana katika vidonge, lilijaribiwa kwa watu 135 kwa wiki 12 na matokeo kuchapishwa mwaka 1998. Halikuwapunguza zaidi ya vidonge visivyo na dawa. Miaka ya baadaye, baadhi ya watumiaji waliripotiwa kupata madhara ya ini.

Chai ya kijani ikinywewa kama chai haina tatizo kwa watu wengi. Lakini mwaka 2018 wataalamu wa Ulaya walionya kwamba vidonge vyenye kiini chake kwa wingi, miligramu 800 au zaidi kwa siku, vinaweza kudhuru ini.

Siku hizi zipo pia bidhaa zinazotangazwa kuwa sawa na sindano mpya za kupunguza uzito, ambazo huiga homoni ya GLP-1. Sindano hizo hutolewa kwa maelekezo ya daktari. Hakuna mmea uliothibitishwa kuwa na nguvu kama hizo.

Sheria inasemaje

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya mwaka 2002, iliyounda Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Usimamizi wa dawa ulikuwa chini ya TFDA tangu mwaka 2003. Mwaka 2019 mamlaka hiyo iligeuzwa kuwa TMDA, na masuala ya chakula na vipodozi yakahamishiwa Shirika la Viwango, TBS.

Mnunuzi ana haki ya kuuliza namba ya usajili, jina la mtengenezaji, viambato vyote na tarehe ya mwisho wa matumizi. Bidhaa inayoahidi kupunguza kilo nyingi kwa siku chache, au inayodai kutibu kila ugonjwa, ni ya kuachwa hapo hapo.

Namna ya kutumia mimea salama

Anayetaka kuongeza nyuzinyuzi afanye hivyo kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kwani kuzidisha ghafla huleta gesi na maumivu ya tumbo. Maji ya kutosha ni lazima, kwa sababu nyuzinyuzi zinazovimba bila maji zinaweza kukwama kooni au kuziba utumbo.

Anayetumia vidonge vya hospitali asivimeze pamoja na unga wa nyuzinyuzi, kwa sababu ute unaweza kuzuia dawa isifyonzwe vizuri. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa amwone daktari kabla ya kubadili mlo, kwani sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasitumie dawa yoyote ya kukata hamu ya kula.

Mtu anayepoteza hamu ya kula bila kutumia kitu chochote, au anayekonda bila kukusudia, hana sababu ya kufurahi. Kifua kikuu, maambukizi ya virusi vya Ukimwi na saratani huweza kuanza kwa dalili hizo, na hospitali ndiyo mahali pa kwenda.

Kwa asiye na maradhi hayo, mpango ulio salama ni wa kawaida mno: kuanza mlo kwa bakuli la mboga yenye ute au kunde, kutumia unga usiokobolewa, kula taratibu, kuacha vinywaji vyenye sukari na kulala vya kutosha. Kukosa usingizi pekee huongeza hamu ya kula siku inayofuata.

Mlenda hauna tangazo ukutani wala picha ya mtu kabla na baada ya kupungua. Umewavusha watu wa Tanzania ya kati katika misimu ya njaa bila kuahidi miujiza, na sasa unaweza kumsaidia mkazi wa mjini katika tatizo la shibe iliyozidi. Wahenga walikwisha kusema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.